Simu moja, watoto sabini na wawili: maswali ambayo walimu huuliza kuhusu ubunifu wa kidijitali darasani

Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali wilayani Pangani. Kila vikao vyetu vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vinapogusa TEHAMA, maswali ni yaleyale, na wengi huyauliza kama watu waliokwisha kata tamaa kabla hawajajibiwa. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa yale niliyoyafanya mwenyewe na watoto wangu. Kama wewe ni mwalimu wa sekondari au wa chekechea, mengi utayapunguza au kuyaongeza kidogo tu.

Shule yetu haina chumba cha kompyuta. Nianzie wapi?

Anzia mfukoni mwako. Simu janja yenye kamera na kinasa sauti inatosha kwa muhula mzima. Tena vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na vingine hadi leo vimelala kabatini vimefungiwa kama vyombo vya wageni. Kitoe.

Ila usianze kwa kutafuta programu. Anza kwa kujiuliza: ni mada gani watoto wangu wanaisinzia? Kwangu ilikuwa jiografia ya mito. Nilikuwa naandika majina ubaoni, wananakili, wananirudishia kwenye mtihani, halafu wiki inayofuata wameyasahau. Na hawa ni watoto wanaouona Mto Pangani ukiingia baharini kila siku ya Mungu.

Simu moja kwa watoto zaidi ya sabini inawezekanaje?

Inawezekana pale simu inapoacha kuwa kitu cha kutazamwa, ikawa kifaa cha kazi kama jembe la shamba la shule. Jembe moja halimfanyi kila mtu alime kwa wakati mmoja, lakini wakati mmoja analima, wenzake wanapanda, wanamwagilia, wanapima mistari.

Kazi iliyofanikiwa kuliko zote kwangu ni filamu ya picha moja moja. Unapiga picha, unasogeza kitu kidogo, unapiga tena, unasogeza tena. Picha zikipitishwa haraka, kitu kinaonekana kinatembea chenyewe. Tuliamua kutengeneza safari ya Mto Pangani kutoka Kilimanjaro na Meru, kupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, maporomoko ya Hale yanayozalisha umeme, hadi Bahari ya Hindi hapa kwetu.

Watoto 72 niliwagawa makundi sita ya watu kumi na wawili. Kila kundi lilipewa kipande kimoja cha mto. Milima waliifinyanga kwa udongo, theluji ya kileleni ikawa unga wa sembe kidogo. Mto ulikuwa utepe uliochanwa kwenye kanga kuukuu ya buluu. Bwawa walilizungushia vizibo vya soda. Simu tuliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mguu wa kiti kilicholazwa juu ya meza, ikitazama chini. Ikishafungwa haiguswi na mtu yeyote isipokuwa mpiga picha, na yeye anabonyeza tu, hanyanyui.

Kabla hatujapiga hata picha moja, hesabu iliingia yenyewe. Niliwaambia tutatumia picha 8 kwa sekunde. Kila kundi litapiga picha 30. Je, filamu yetu itakuwa na urefu gani? Walikaa wakakokotoa: picha 180, gawa kwa 8, sekunde 22 na nusu. Mtoto mmoja akauliza, kwa masikitiko kabisa, "Mwalimu, kazi yote hii kwa sekunde ishirini?" Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo hakuna aliyetazama katuni kwa macho ya zamani.

Tulianza saa nne asubuhi karibu na dirisha, tukamaliza saa sita na robo. Jioni nilipoziunganisha picha, niliona kivuli cha Kilimanjaro chetu cha udongo kikitambaa na kufupika kadiri filamu inavyoendelea. Nilidhani kazi imeharibika. Kesho yake niliwaonyesha hivyohivyo bila kusema neno. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, akasimama na kusema kivuli kimefupika kwa sababu jua lilikuwa linapanda kwenda utosini. Kipindi kizima kilichofuata kilikuwa juu ya kivuli, jua na mzunguko wa dunia, na sikuwa nimekiandalia chochote.

Ukitaka filamu isiyo na kivuli kinachohama, piga picha zote ndani ya nusu saa au funika dirisha na utumie taa.

Kwani kuwaonyesha katuni za kujifunzia hakutoshi?

Katuni nzuri ni hazina. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, inafundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na wanyama wanaozungumza Kiswahili ambacho mtoto wa Pangani anakielewa, na mimi huitumia. Lakini mtoto aliyekaa kutazama dakika arobaini hana tofauti kubwa na mtoto aliyekaa kunisikiliza dakika arobaini. Wote wamekaa.

Ninachofanya: dakika tano za kutazama, nasimamisha mahali pasipotarajiwa, nauliza, "Sasa nini kitafuata, na kwa nini?" Wanachora jibu kwenye daftari. Baadaye ndipo tunaendelea. Mara nyingi mwisho waliouchora wao una mantiki kuliko nilivyotegemea.

Ni programu zipi zinafanya kazi bila bando?

Nyingi kuliko tunavyodhani. Kamera na kinasa sauti vimo ndani ya simu tayari. Kwa filamu za picha moja moja natumia Stop Motion Studio, toleo la bure. Stellarium inaonyesha anga la usiku la mahali ulipo, nyota na sayari. GeoGebra ni ya maumbo na grafu. Ilianza mwaka 2001 nchini Austria, na ni bure kwa darasa. Zote hizi unazipakua mara moja mjini penye mtandao mzuri, kisha unarudi nazo kijijini.

Kolibri ni jambo kubwa kidogo. Ni maktaba ya masomo, video na mazoezi inayowekwa kwenye kompyuta moja, halafu simu au vishikwambi vilivyo karibu vinaifikia bila intaneti yoyote. Shule yenye kompyuta mpakato moja na vishikwambi vitano inaweza kuwa na maktaba nzima. Itahitaji mtu mvumilivu wa kuisakinisha siku ya kwanza. Ukimpata kijana wa chuo likizoni, mwombe.

Kwa hadithi, African Storybook ina vitabu vingi vifupi vya picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, vyenye leseni huria. Maana yake unaruhusiwa kuchapa, kutafsiri na kubadilisha. Mimi huchapa picha tupu bila maneno, watoto wakaandika hadithi yao wenyewe chini yake.

Masomo ya lugha yananufaikaje? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa sayansi.

Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyebahatika kuliko wote, kwa sababu lugha yetu imezoea kusikika kabla ya kuandikwa. Tengeneza mchezo wa redio.

Wape watoto kazi ya kwenda nyumbani na kurudi na hadithi au vitendawili vitatu kutoka kwa bibi, babu au jirani mzee. Siku inayofuata kila kundi linachagua hadithi moja, linaigeuza kuwa mazungumzo, linagawana sauti. Kisha inakuja sehemu wanayoipenda mno: kutafuta milio. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa mezani ni punda anakimbia. Mtama ukitikiswa kwenye ungo ni mvua inakuja. Mfuko wa nailoni ukifinywafinywa karibu na simu ni moto unaunguza nyasi. Kwa bahari, beseni la maji na mkono wa mtoto mpole. Ukimpa mtundu, utaloa.

Darasa la mabati lina mwangwi mbaya. Sisi tunarekodi kwenye stoo ya vitabu, tumetundika kanga mbili na blanketi ukutani, na simu imelala juu ya sweta iliyokunjwa ili isiokote mtetemo wa meza. Zima mtandao wa simu kabisa, maana simu ya mzazi ikiingia katikati ya kilio cha fisi, mnaanza upya.

Siku moja mvua kubwa ilipiga bati tukiwa katikati ya kurekodi. Hatukuzima. Tukabadilisha hadithi, msafiri akanyeshewa, na ikawa mvua bora kuliko ya mtama.

Ninachokitafuta katika haya yote ni kusikiliza upya. Mtoto akisikia sauti yake mwenyewe ikimeza maneno, au akisikia amesema "mimi nilimuona ile mtu", anajirekebisha kabla hujafungua kinywa. Nimesahihisha madaftari miaka mingi kwa wino mwekundu bila kupata matokeo ya namna hiyo.

Na hisabati?

Kwa jedwali la kuzidisha, tumia mchakamchaka. Watoto wanatunga wenyewe mistari ya kuitikia, wanakimbia uwanjani, mwalimu anarekodi, na kesho yake rekodi inachezwa darasani kwa spika ndogo huku wakikosoa palipokosewa hesabu. Jedwali la saba, lililokuwa linatutesa, lilikaa vichwani ndani ya wiki mbili.

Kwa maumbo na mantiki nenda Scratch. Ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick pale MIT, Marekani, na ina lugha ya Kiswahili. Mtoto anaunganisha vipande vya maagizo kama anayepanga matofali, na kikatuni kinatii. Inalenga hasa watoto wa miaka 8 hadi 16, inapakuliwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti. Wadogo zaidi wana ScratchJr ya kwenye kishikwambi.

Mizizi yake iko Afrika kuliko wengi wanavyojua. Seymour Papert, mmoja wa waliotunga lugha ya Logo mwaka 1967 iliyomwezesha mtoto kumwamuru "kobe", roboti mdogo au alama ya kwenye kioo, achore, alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, na Resnick alifanya kazi naye kwa karibu. Wazo la Papert lilikuwa kwamba mtoto hujifunza vizuri pale anapounda kitu.

Na kobe huyo unaweza kumtumia bila kompyuta. Sisi tulianzia uwanjani. Mtoto mmoja ni roboti, anaburuta kijiti kwenye mchanga, anatii maagizo tu: "Mbele hatua 5. Geuka kulia nyuzi 90." Mraba waliupata mara moja. Nikasema, haya, nichoreeni pembetatu yenye pande sawa. Wote kwa pamoja: "Geuka nyuzi 60!" kwa kuwa wanajua pembe za pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Roboti akageuka, akatembea, akageuka, akatembea, na mstari haukufunga. Wakabishana, wakamlaumu roboti kwamba hajui kugeuka, wakambadilisha. Haukufunga. Ilichukua karibu robo saa mpaka mmoja aliposimama mahali pa roboti mwenyewe na kugundua kwamba anayetembea hageuki pembe ya ndani, anageuka ya nje: nyuzi 120. Mara tatu ni 360, umezunguka mzunguko mzima. Nilikuwa nalijua jibu tangu mwanzo na niliuma ulimi. Kuuma ulimi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii.

Je, majaribio ya sayansi ya kwenye kioo yanaweza kuchukua nafasi ya maabara?

Hapana, na yasichukue. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, ina majaribio mengi ya bure, baadhi yako kwa Kiswahili na yanapakuliwa. Nayasifu. Lakini kama una betri, waya na balbu ya tochi, mpe mtoto avishike, aone balbu ikiwaka kweli, aone betri ikipata joto waya ukigusana. Kioo kitumie kwa yale mkono hauwezi kufika: atomu, sayari, umeme unavyotembea ndani ya waya.

Michezo ya maswali kama Kahoot ni mizuri?

Ina shangwe kweli. Kahoot ilianzia Norway na inahitaji intaneti pamoja na kifaa kwa kila mtoto au kila kundi. Tatizo langu nayo ni moja: kwa kawaida anayejibu haraka ndiye anayepata pointi nyingi. Watoto wanaofikiri taratibu wanajiona wajinga mbele za watu, na wengi wao si wajinga hata kidogo. Ukiitumia, ongeza muda wa kila swali na wachezeshe kwa makundi wajadiliane kwanza.

Kwa shule kama yetu, Plickers inafaa zaidi. Kila mtoto anapewa karatasi iliyochapwa alama nyeusi yenye pande nne: A, B, C, D. Anaiinua huku upande wa jibu lake ukiwa juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani na majibu ya wote yanaonekana kwenye simu. Alama za karatasi hazifanani, kwa hiyo kuchungulia ya jirani hakumsaidii mtu. Karatasi zipo hadi za watoto 63. Mimi mwenye 72 nawaweka wengine wawiliwawili. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, kamera inashindwa kusoma.

Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akiingia akakuta watoto wanapiga kelele na vifuu, nitasema nini?

Mwonyeshe andalio la somo. Liandike vizuri kabla: umahiri gani unajengwa, mtoto atafanya nini, utapimaje. Mtaala wa Tanzania unadai umahiri, na kwa wenzetu wa Kenya ubunifu na ujuzi wa kidijitali ni miongoni mwa umahiri saba wa msingi wa mtaala wao unaozingatia umahiri. Kwa hiyo huibi muda wa somo. Nilimpa mgeni wetu mmoja kazi ya kutikisa ungo wa mvua, akaishika hadi mwisho wa kipindi.

Wavulana wananyang'anyana simu, wasichana wanabaki kuandika. Nifanye nini?

Hili usiliache lijitatue, halitajitatua. Andika kazi kwenye vikaratasi: mpiga picha, msogezaji, mhesabu picha, mwandishi, msimamizi wa muda, msafishaji wa jukwaa. Kila baada ya picha kumi, vikaratasi vinazunguka. Anayegoma kuzungusha, kundi lake linasimama. Mwezi wa kwanza kulikuwa na manung'uniko. Sasa hivi mpiga picha mwenye mkono uliotulia kuliko wote darasani ni msichana, na wanamgombania makundi yote.

Naweza kurusha kazi za watoto kwenye mitandao?

Kazi, ndiyo, ukipata ridhaa. Sura na majina ya watoto, mimi sirushi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina ya kwake tangu 2019, nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi. Lakini hata kusingekuwa na sheria, mtoto wa miaka kumi hawezi kujua picha yake itamkuta wapi akiwa na ishirini. Filamu za udongo na michezo ya redio zina uzuri huu pia: zinaonyesha kipaji bila kuonyesha uso. Ridhaa niliiomba kwenye kikao cha wazazi, kwa barua inayosainiwa, na wazazi wawili walikataa. Nikawashukuru, na kazi za watoto wao zinachezwa darasani tu.

Na akili mnemba?

Naitumia mimi, watoto hawaitumii. ChatGPT yenyewe kwa masharti yake haikubali walio chini ya miaka 13. Huiomba initungie aya ya Kiswahili kuhusu jambo wanalolijua, mfano uvuvi wa dagaa, kisha nawapa watoto wasake makosa. Wanayapata: ngeli zilizopinda, neno ambalo hakuna mvuvi wa hapa analitumia, na kila mara mambo ya bahari yasiyo kweli. Ni zoezi zuri la kuwafundisha kutokuamini kila kilichoandikwa vizuri. Usiingize humo majina wala habari za wanafunzi wako.

Nina mtoto mwenye uoni hafifu. Haya yote yanamwacha nje?

Mchezo wa redio unamweka katikati. Kwangu yeye ndiye fundi wa milio, anasikia kasoro ambazo sisi hatuzisikii. Simu nyingi za Android zina TalkBack, inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye kioo, na maandishi yanakuzwa kupitia mipangilio. Kwa mtoto kiziwi, geuza: filamu ya picha yenye maneno yaliyoandikwa.

Umeme ukikatika?

Chaji usiku, beba pawa benki, na uwe na nusu ya pili ya kipindi isiyohitaji simu. Hakuna la ziada.

Kazi zikikamilika nizihifadhi wapi, na watoto wote watazionaje?

Hili nililijifunza kwa uchungu. Mwaka wa kwanza simu ilijaa, nikafuta picha haraka-haraka ili nipate nafasi, na picha 140 za kundi moja zikaenda nazo. Watoto hawakulia mbele yangu, lakini niliwaona walivyonyamaza. Tangu siku hiyo kila kazi inanakiliwa siku ileile: moja kwenye memori kadi, nyingine kwenye flashi inayokaa ofisini.

Flashi ndiyo sinema yetu. Inachomekwa kwenye runinga ya mwenye banda la mpira jirani na shule, Ijumaa mchana kabla ya mechi, na yeye hatutozi. Tunabeba madawati ya wadogo, wakubwa wanasimama nyuma. Jina la kila mtoto wa kundi linapita mwishoni, limeandikwa kwa chaki ubaoni na kupigwa picha, maana hati ya mkono wao ni nzuri kuliko herufi za simu. Wazazi wanaotoka sokoni husimama mlangoni na vikapu vyao. Watoto huomba jina lirudishwe nyuma, lisimamishwe, wamwonyeshe mama.